Bakuli Nililompokonya Bibi

Kosa langu la kwanza lilikuwa sheria: kila anayepewa uji aunywe palepale, mbele ya macho yangu. Niliiandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana ya marehemu baba, fundi cherehani aliyetoka Maniema, kisha nikaifuta na kuiandika upya kwa sababu herufi hazikukaa sawa. Ndivyo nilivyo. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia samaki, na kila siku naogopa kwamba kuna ukurasa niliouruka.

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo na kujitangaza nchi. Vijana wa mtaa wetu, niliocheza nao mpira, waliwatoa Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, majumbani mwao na kutupa vitanda vyao barabarani. Hata leo nikikutana nao siwapi mkono. Familia kadhaa zilijibanza uani kwetu, nami nikaanza kuwapikia. Unga na maziwa ya unga vililetwa na bwana mmoja wa kamati ya misaada, ambaye viatu vyake viling'aa hata wakati wa mvua.

"Mon petit, kijana," aliniambia, "sitaki kusikia maziwa yangu iko sokoni. Nataka kuona banakula."

Nikakubali upesi mno. Nikapanga mabenchi mawili yakitazamana, nipate kuona kila kinywa.

Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja mjane, aliyefukuzwa pamoja na binti yake na mume wa binti, karani wa zamani wa reli. Siku ya kwanza bibi aliketi, akainua macho, akamwona mkwe wake kwenye benchi la pili. Papo hapo akajifunika kitenge na kumpa mgongo. Mkwe naye akaweka bakuli chini. Hakuna aliyekula.

"Mama, geuka," nikasema. "Uji unapoa."

"Mutoto wangu, acha niende nayo nyuma ya nyumba."

"Sheria ni moja kwa wote."

"Sheria ya nani? Weye hauna mukwe?"

"Mukwe atatoka wapi?" akadakia mtu. "Nani atamupa binti yake, na hii kifua ya pumu?"

Watu wakacheka. Nikichekwa nawaka. "Njaa haina mukwe!" nikafoka, na bibi aliponyanyuka na bakuli lake, nikampokonya. Uji ukamwagikia kitenge chake, kile kimoja alichotoka nacho nyumbani.

Nilijua ninachofanya. Hilo ndilo linalonichoma. Kwetu pia baba hakuwahi kula mbele ya mama mkwe wake. Ila nilijiambia kwamba adabu hiyo ni ya watu wenye vyumba na milango, na waliotupwa nje hawaidai tena.

Bibi hakurudi kwenye benchi. Binti yake alipojaribu kumpelekea uji, nikamzuia: kila mtu aje mwenyewe. Akawa anamchumia majani ya mihogo kwenye viwanja vya watu. Nilimwona bibi akitembea kwa kushika ukuta, akizidi kukonda, na bado nikaona yeye ndiye mkaidi.

Kupika nilipika peke yangu, kwa kuwa wengine waliacha madonge kwenye uji. Nina pumu tangu utoto. Palikuwa na moshi wa kuni, na upepo ukigeuka, moshi wa kiwanda cha shaba pia. Vidonge vilikuwa adimu tangu daktari wetu aondoke, na hivyo nilivyovipata vilinitetemesha mikono. Asubuhi moja pumzi ikaziba. Nikaanguka kando ya sufuria, ute ukinitoka puani, na mabenchi yote mawili yakinitazama. Nilitaka kuwaambia wageuke. Sauti haikutoka. Sijawahi kuchukia macho ya watu kama siku ile.

Akatokea bibi kutoka nyuma ya nyumba, miguu ikimyumba. Akavua kitenge, akakishika kama pazia kati yangu na wao, na doa la uji bado lipo.

"Geukeni! Munaangalia nini? Muntu anatafuta pumuzi yake, haiko cinéma!"

Wakageuka. Nilipoweza kusema, nilianza, "Mama, ile siku..."

"Pumua kwanza. Maneno haitakimbia."

Siku hiyohiyo binti yake alishika mwiko. Bakuli la kwanza nilimwomba alifunike, amfikishie mama yake nyuma ya nyumba. Bwana wa kamati alipokuja, alikuta mabenchi matupu.

"Batu iko wapi?"

"Banakula."

"Mi sioni mutu."

"Ndiyo, patron. Hakuna mutu ya kuona tena."

"Bon. Basi na mifuko ya unga hautaiona."

Nikamwambia kwamba aliyetaka kutazama vinywa vya wenye njaa aanze na chake mwenyewe, mbele ya mkwe wake. Aliondoka na mifuko yake, na hasira niliyo nayo juu yake haijapoa. Ile niliyo nayo juu yangu ni kubwa zaidi.

Chaki nimeifuta mlangoni. Binti ndiye mpishi, na madonge yapo. Mimi nakaa mbali na moto, nazunguka mtaa wa Bel-Air kuomba unga, nikipumzika kila pumzi inapofupika. Uji umekuwa mwepesi. Kila mtu hupewa bakuli lake limefunikwa, akaenda kula anapotaka. Bibi anakula.