Mhudumu wa saiba aliyemfuata Nyakio hadi kambini

Saa mbili asubuhi, Zeddy Chepchumba anafuta vumbi kwenye kompyuta za saiba moja iliyo ghorofa ya kwanza mjini Nakuru. Kioo cha kila kompyuta kinatazama mlangoni. Vibanda vya mbao vilivyokuwa vikimficha kila mteja vimeng'olewa, na alama za misumari bado zinaonekana ukutani.

"Wengine walihama," anasema Zeddy, mama wa watoto wawili mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. "Walitaka kujificha. Wacha waende."

Vibanda hivyo viling'olewa mwezi Mei mwaka huu wa 2008, kwa sababu ya msichana anayeitwa Nyakio.

Nyakio ana miaka kumi na saba. Baada ya vurugu za Januari zilizofuata uchaguzi, familia yake ilipoteza shamba na kuhamia kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho. Shule ikakatika. Kila Jumamosi alikuja saiba, ambako dakika moja ni shilingi moja, kuandikiana na mtu aliyejiita Dada Diana. Diana alimwahidi kazi ya nyumbani Nairobi na karo ya shule.

Zeddy alishtuka siku Nyakio alipomwomba amtumie Diana picha yake, ya mwili mzima. Alimuuliza kama amewahi kusikia sauti ya huyo dada. Nyakio alijibu kwamba akipiga, simu huita tu bila kupokelewa, na kwamba Diana amemkataza kumwambia mama yake.

"Hapo kwa mama ndipo nilijua kuna shida," anasema Zeddy.

Jioni hiyo alitembea hadi kambini. Mama Nyakio alimsikiliza mpaka Zeddy alipojitaja jina, akajua ni Mkalenjin, akaingia hemani na kufunga turubai. Zeddy hamlaumu. Nyumba ya mama huyo ilikuwa imechomwa, na majina kama la Zeddy ndiyo yaliyokuwa yakitajwa kuwa ya waliochoma.

Nyakio naye alikasirika. "Nilimchukia," anakiri. "Niliona anataka kuniharibia bahati."

Siku chache baadaye Nyakio alinyamaza kabisa, akaanza kufua nguo zake zote. Zeddy aliposikia hayo kutoka kwa jirani wa kambini, alirudi na kusimama nje ya lile hema.

"Nilimwambia, mathe, usiniamini mimi. Muulize mtoto anasafiri lini, halafu kuja ukae karibu ujionee."

Nyakio alipobanwa alisema ukweli: angekutana na Diana Jumamosi mchana, kwenye mkahawa ulio karibu na stendi ya mabasi.

Siku hiyo mama na Zeddy waliketi meza ya nyuma pamoja. Diana hakuja. Alikuja mwanamume wa makamo aliyevaa koti, akasema ametumwa na Diana, akaagiza soda na kuuvuta mkoba wa msichana upande wake.

Mama Nyakio aliinuka, akasimama kando ya meza yao. Alimwambia binti yake ampigie Diana simu papo hapo.

Nyakio alipiga. Simu ikaita ndani ya koti la yule mwanamume.

Alitoka haraka, akaiacha soda mezani, na akapotea stendi kabla mtu hajamshika. Waliripoti kwa polisi, lakini mpaka leo hajapatikana.

Zeddy alipomwomba mwenye saiba, Bhanu, aondoe vibanda, mzee huyo alisita akihofia kupoteza wateja. Kisha akauliza umri wa msichana. Binti yake Mansi ana umri huohuo. Jumapili alikuja na nyundo, akavibomoa kwa mikono yake.

Nyakio amerudi shuleni, kwa msaada wa kanisa moja. Zeddy sasa anapanga kuwakusanya wazazi wa kambini kabla ya shule kufungwa Novemba, awaonyeshe watoto wao huongea na nani kwenye mtandao. Bhanu amekubali kumpa chumba bure kila Jumapili alasiri.

Mama Nyakio, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, ameshaomba kiti cha mbele.

"Nilikuwa najua kila hema ambalo mtoto wangu ameingia," anasema. "Hapo ndani ya kompyuta sikujua hata mlango uko wapi. Zeddy atanionyesha."