Mama Mkwe Anakula kwa Kisingizio cha Kuonja

Na wala msifikiri simpendi. Nampenda mume wangu mpaka naona aibu. Admin, nifichie jina. Nina miaka ishirini na mbili, nilimaliza kidato cha nne, nimeolewa mwaka huu. Mimi wa Kambarage, Shinyanga mjini, nikaolewa kijijini Kishapu. Mume wangu ana mwanya, akicheka nasahau nilichotaka kusema. Tulikaa majuma machache tu, akarudi Geita kwenye machimbo. Nimebaki na mama yake, wawili tu. Shati aliloliacha mlangoni sijalifua hadi leo, jamani. Bado lina harufu yake.

Mvua zilikatika, mtama ukakaukia shambani. Kikundi chetu cha akina mama kikapata wafadhili, tukaanza kupika chakula cha mchana pale shuleni, kwa watoto na wazee. Mwanzoni tulipika tulicholetewa, wali na soya. Wazee walishukuru, wakaenda kuwamwagia kuku. Bibi mmoja akaniambia, "Mjukuu wangu, hiki kinapita mdomoni tu, tumboni hakifiki." Ndipo tukaomba tuletewe mtama, karanga na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa.

Wazee wakala. Mama mkwe hakuja. Nyumbani tulikuwa na uji mwepesi, na bakuli lake alikuwa ananisogezea mimi. Nikimwambia twende shuleni, anacheka. "Mama wa mchimba dhahabu nikashike sahani mbele za watu? Watasema mwanangu huko anachimba viazi." Nami nacheka, huku naona kanga inavyomzunguka mara mbili.

Siku moja nsansa zangu zikatoka chungu, watoto wakakunja nyuso. Nikakimbia nyumbani. "Mayu, mama yangu, nimeiaibisha nyumba yako. Njoo unionjee."

Akainuka palepale, tukaongozana hadi shuleni! Akachota, akasonya. "Nani kakufundisha kupika nyasi?" Akaongeza karanga zilizotwangwa, akaonja. Akaonja tena, safari hii na tonge la ugali. Mama Kulwa, mpishi mwenzangu, akamjazia sahani. "Onja vizuri, Mama, usije ukatudanganya." Akaonja mpaka sahani ikawa nyeupe.

Tangu hapo kila tukipika naharibu kidogo makusudi. Leo chumvi, kesho karanga chache. Wenzangu wanajua, wananyamaza. Mama anakuja ananigombeza, anarekebisha, anaonja mpaka anashiba. Mashavu yameanza kurudi.

Sasa mume wangu kapata chumba Geita. Kanunua kitanda na pazia la maua, kwa sababu niliwahi kusema napenda maua. Akaniambia, "Sufuria sijanunua, mke wangu. Nataka uje uchague mwenyewe, tuishi pamoja." Nililia kwa furaha, nikaenda kulinusa lile shati. Halafu nikakumbuka chungu cha shuleni. Nikiondoka, nani ataharibu mboga?

Kumweleza mume siwezi. Mama mkwe alishanikataza. "Ng'wana wane, mwanangu, mtu hashuki duarani na njaa ya mama yake kichwani. Lile shimo linataka akili iliyotulia." Kwa hiyo mume ananiuliza mbona sifurahi, nami nasema mtandao unasumbua. Mama yangu mzazi nikimwambia, atasema mke hukaa na mumewe. Sina mtu. Nimezungukwa na watu wanaosubiri chakula, na hakuna hata mmoja wa kumwambia jinsi ninavyomkumbuka mume wangu.

Mlioishi mbali na waume zenu, na nyie akina baba mnaochimba, nishaurini. Nimfuate mume wangu, au nibaki na mama yake?

Asubuhi hii mume wangu kapiga tena. Mama mkwe alikuwa pembeni yangu anachambua karanga. "Unakuja lini?" Mama akanionyesha kwa kichwa, nenda. Kisha akapaza sauti ili mwanawe asikie, "Mwambie mimi huku nashiba!"

Nikamwambia nitakuja kumwona kabla mwezi haujaisha, ila sikusema kama nitakaa.