Zamu ya Jumamosi

Kaka yangu Wenseslaus hakuwahi kupumzika Jumapili kwa miaka ishirini na miwili, kwa sababu Jumapili ndiyo siku aliyowapumzisha wengine. Mjini Moshi alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Mansukhlal, lakini ungeziuliza familia za Kihindi za mtaa ule Wense ni nani, zisingekutajia misumari wala mabati. Zingekuambia ni mtu wa matembezi. Alijua ni mwezi gani gari linafika Ziwa Chala bila kukwama. Alijua kwamba ukitaka kuwaona twiga kule mbele ya Sanya Juu, ufike mapema, la sivyo utakuta mavi yao. Alijua nani hali vitunguu, nani anatapika kwenye kona, na mtoto yupi asikalishwe karibu na yupi. Yote hayo aliyaandika kwenye daftari la shule, na hakuna safari yake hata moja iliyoharibika.

Mimi nilibaki nyumbani Kibosho na mama. Nasema hivyo bila uchungu, au tuseme kwa uchungu kidogo. Kila baada ya mwezi au miwili, Jumapili baada ya misa, magari mawili matatu yalisimama barabarani na watu wakateremka na mikeka na chupa za chai hadi kwenye maporomoko yaliyo bondeni, chini ya kihamba chetu, shamba letu la migomba na kahawa. Walikula, wakaimba, watoto wakalowa, jioni wakaondoka. Mama alikuwa akisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji mwenyewe ni mimi, na nilichopona sikukiona; niliokota maganda ya machungwa.

Lakini Mama Sulochana, mke wa Mzee Mansukhlal, sikuwahi kumnung'unikia. Baba alipofariki, mwaka themanini na nne, ilikuwa masika na magari yaliishia kanisani. Wenzake walituma rambirambi na kugeuza. Yeye alivua viatu, akapandisha sari yake, akapanda kilima kwenye tope mpaka kwetu, akakaa na mama juu ya majani ya mgomba kutwa nzima. Mama ni mtu wa Kichagga. Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni. Mama Sulochana naye Kiswahili chake kilikuwa cha dukani. Sijui waliambiana nini, ila tangu siku hiyo mama alimwita dada.

Mwaka tisini na saba, mwezi wa tisa, figo za Mama Sulochana zilikuwa zimechoka kabisa. Mwanawe Jaimin, aliyeko Uingereza, alikuwa amemwandalia matibabu huko. Safari ilikuwa Jumatatu. Kila mtu alisema anakwenda kutibiwa, na kila mtu alijua kwamba harudi. Jumapili ilikuwa ya sala na kuagana hekaluni. Daktari aliruhusu atoke Jumamosi, kwa saa mbili tu, aende anakotaka. Akasema anataka kwenda kwenye maporomoko yetu. Ndiko alikopelekwa wiki ya kwanza alipoletwa Moshi, bibi harusi wa miaka kumi na tisa asiyemjua mtu, na anasema maji yalipomrushia matone usoni ndipo alipoacha kulia.

Wense aliipanga safari ile kuliko zote. Alichonga kiti chenye mipini miwili, akatafuta vijana wanne wa kukibeba, akapima mwendo kwa saa. Ijumaa akapanda Kibosho kufyeka njia. Nilikuwa napalilia aliporudi kutoka bondeni na panga mkononi, uso umemshuka.

"Mektrida," akasema, "maji yako wapi?"

Nilidhani ananitania. Sisi wa mlimani kiangazi tunaishi kwa mfongo, yaani mfereji unaochepusha maji ya mto kule juu na kuyapitisha mashambani, na kila siku ina mwenyewe. Alfajiri mwenye zamu huziba mto kwenye banio, pale mfongo unapoanzia, maji yote huingia mfongoni, na mwamba ule wa bondeni hubaki unatoka jasho tu. Jumapili hakuna anayeshika jembe. Banio huachwa, mto hupita kwake, na maporomoko hunguruma mpaka jioni. Wense aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa, enzi ambazo maji yalitosha mfongo na mwamba. Tangu hapo aliuona mwamba ule Jumapili tu. Bingwa wa barabara zote za mkoa hakujua kwamba kiangazi maji ya kwao huanguka siku moja kwa wiki.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli. Kisha akauliza Jumamosi ni zamu ya nani, nikaacha kucheka, maana ilikuwa yetu.

Hakumwomba mama. Alikaa kwenye kigogo akitazama viatu vyake. Zamu yetu ilikuja mara moja kwa wiki mbili, na ya mwisho ilikuwa imepotea kwa sababu mfongo ulibomoka. Ulezi wa mama ulikuwa umefika magotini na majani yameanza kujikunja. Kahawa ilikwishatuangusha miaka ile, kila mnunuzi na bei yake na zote mbaya. Ulezi ule ndio uliokuwa pombe ya Krismasi na uji wa mwaka. Wense aliyajua hayo yote, ndiyo maana hakufungua mdomo. Niliyefungua mdomo ni mimi. Nilimweleza mama, na mama akasema kwa Kichagga kwamba mgonjwa apewe maji.

Laiti angenyamaza. Angekwenda alfajiri kwenye banio kama kawaida, akakaa pale, akauacha mto upite kwa saa mbili, nani angejua? Lakini mama yetu hajui kufanya jambo kwa kificho. Alijifunga kitenge, akaenda mwenyewe kwa Mzee Theodory, mwenyekiti wa mfongo, na mbele ya wazee waliokuwa wameketi pale akatangaza kwamba anaiacha zamu yake ya Jumamosi.

Mzee Theodory alimshukuru kwa heshima. Kisha akamwambia kwamba zamu ikiachwa hairudi mtoni, inakwenda kwa anayefuata. Anayefuata ni Remigius, jirani yetu wa juu, na mtoto wake alikwishakimbia kumpa habari.

Wense aliposikia alikwenda mbio. Aliamkia, shikamoo kwa kila mzee, akapiga magoti mtu mzima yule, akaeleza habari za mgonjwa, za tope la mwaka themanini na nne, za safari ya Jumatatu. Wazee walimsikiliza mpaka mwisho. Mzee Theodory akasema, "Mwanangu, nikiruhusu maji yaanguke yatazamwe, na maharage ya watu yanaungua, Jumatatu nitamzuia nani?" Remigius naye alikuwepo kwa wakati huo, ana watoto sita na shamba limekauka. Hata angeikataa zamu, ingekwenda kwa wa tatu, na wa nne, mpaka Jumapili ifike. Na mama hakuweza kuirudisha; neno likishatolewa mbele ya wenye mfongo limetoka. Nilitafuta wa kumchukia jioni ile, nikamkosa, na hilo liliniuma zaidi.

Kulikuwa na simu misheni. Wense alishuka kuwapigia wasije. Akapokea Mzee Mansukhlal mwenyewe, sauti imechangamka, akamwambia kwamba leo mkewe amekula wali, mara ya kwanza wiki hii, anasema anataka nguvu za kesho. Wense akajibu, "Basi tuonane kesho, mzee," akakata.

Jumamosi wakaja. Vijana wanne wakabeba kiti, Wense mbele akikanyaga kila jiwe kulijaribu, Mzee Mansukhlal nyuma na mwavuli. Mama Sulochana alikuwa amebaki mdogo sana ndani ya blanketi. Wakamweka palepale alipozoea kukaa. Mbele yetu kulikuwa na ukuta wa jiwe, mweusi, na ukoga uliokauka.

Aliutazama muda mrefu. "Wense," akauliza taratibu, "ni hapa?"

"Ni hapa, mama."

Wense aliyekuwa na jibu la kila kitu, la gari, la mvua, la vitunguu, alisimama mikono imening'inia. Juu yetu, upande wa Remigius, tuliyasikia maji yakipita kwenye migomba. Mama Sulochana naye aliyasikia, akainua kichwa. Vijana wakautazama mteremko wa kupandia huko, kisha wakatazamana. Kiti kisingepita pale, na saa zilikuwa zinakwisha.

Ndipo mama akateremka, amevaa kitenge chake cha kanisani. Akachuchumaa mbele ya kiti, akashika miguu ya Mama Sulochana kwa mikono yote miwili.

"Maji nilikupa, dada," akasema kwa Kiswahili chake. "Hayakufika."

Mama Sulochana alimgeukia Wense amweleze. Wense akatikisa kichwa, akatembea mpaka kwenye mwamba, akatupa mgongo. Nikamweleza mimi, yote, zamu na wazee na Remigius. Alisikiliza macho yake yakiwa kwa mama.

"Na shamba lako?" akamuuliza.

Mama alianza kumsugua miguu, polepole, kwa viganja vikavu, kama mtu anayemwosha, na hakuacha mpaka vijana walipokuja kukiinua kiti.