Dundu Arobaini kwenye Kopo la Rangi

Zamani ng'ombe akinya asubuhi, jioni ulikuta udongo mtupu. Siku hizi kinyesi kinakauka malishoni kama kigae, na mwaka unapita kikiwa kimelala palepale. Mtoto wa leo ukimwambia mavi yalikuwa na wafanyakazi wake, anadhani umezeeka vibaya.

Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu mdogo, tulimwita Bomba kwa ajili ya sindano ya mifugo aliyoichomeka kiunoni. Alikuwa mtu wa kumwangusha fahali kwa kumshika pembe. Mbwa alipombwekea ndama wake, Bomba alimvunja mbwa huyo mgongo kwa teke moja. Ng'ombe wake kumi na wanane walikula kwenye bonde moja tu, na hakuwa na lingine.

Ikaja dawa ya minyoo ya kumwaga mgongoni. Kipimo chake kilipopotea, Bomba akashika kifuniko cha chupa ya soda: kimoja kwa ndama, vitatu kwa mkubwa, kila baada ya wiki mbili. Ng'ombe waling'aa. Wale dundu wanaosukuma madonge ya mavi wakatoweka. Majani yakafia chini ya mavi yasiyozikwa, nzi wakajaa hadi macho ya ndama yakatoka usaha.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini karatasi ya ndani ya boksi niliisoma mara tatu. Ilisema wazi: dawa hutoka na kinyesi na kudhuru wadudu.

"Shemeji, unaliua bonde."

"Haya, mavi nayo yamepata wakili!" Zizi zima likacheka.

Nikatembea nusu siku hadi malisho yasiyoijua dawa ile, nikarudi na dundu arobaini kwenye kopo la rangi.

"Usimwage dawa mwezi mmoja tu," nikamwomba.

"Mkubalie kaka yangu, baba watoto," dada akasema.

Bomba akaapa. Nikawaachilia dundu malishoni, wakaanza kazi siku ileile.

Siku ya tano nikasikia harufu ya dawa kwenye migongo ya ng'ombe.

"Uliapa!"

"Nilimwapia mke wangu, sikuwaapia wadudu. Nimemwaga juzi, utanifanya nini?"

Nikamtia sepetu begani. Yeye akashusha fimbo, mfupa wa mkono wangu ukalia kama ukuni mkavu. Dada akamrukia shingoni. Bomba akamtupa kwenye nguzo ya lango la zizi, meno mawili yakamtoka dada. Kisha akanipigia goti mgongoni, akanizamisha uso kwenye mavi mabichi.

"Kula! Si unayapenda?"

Nilipopindua shingo kutafuta pumzi, niliwaona dundu wawili, shibiri moja kutoka jicho langu. Mmoja alikuwa chali, miguu ikitetemeka. Mwenzake alikuwa ameegemea donge lao, anasukuma, na donge halisogei.

Sijawaona tena bondeni.