Samaki wa Marcella na Ugali wa Jioni

Kwa Marcella wa Nkubu hakuna aliyewahi kutoka na njaa. Mgeni akisema ameshiba, Marcella husikia matusi. Wakamwana wake walipojifungua aliwanywesha uji mpaka wakaomba kurudi kwao. Kwa hiyo alipochimba bwawa na kutia tilapia wa kuzalisha, aliijua kazi yake: mama hulishwa.

Asubuhi aliwapa chakula cha duka, mchana pumba, jioni ugali uliobaki, na Jumapili chapati. Samaki wakanenepa wakang'aa. Wakisikia hatua zake walijaa ukingoni midomo wazi, naye akacheka peke yake kwa furaha. Lakini vifaranga havikuonekana. Mumewe Kiunga, ambaye hakuwahi kulipenda bwawa, akasema, "Mama Murungi, mvua ikianza kabla hawa watu wako hawajazaa, hapa napanda nduma."

Marcella aliumia. Bwawa lile ndilo kitu cha kwanza alichokiamua mwenyewe katika shamba hilo. Akafanyaje? Akaongeza ugali.

Ndipo akaja Gatwiri, afisa wa samaki, binti mpole asiyeogopa kisu. Akapasua jike mmoja. Tumboni mlijaa mafuta meupe, na mayai ya kuhesabika.

"Mama, chakula ikizidi inageuka mafuta, mayai inakosa nafasi. Punguza. Lakini usiwanyime kabisa, mwenye njaa pia hazai."

"Mimi nimpimie mama chakula?"

"Umpimie."

Kupima, kwa Marcella, ni tabia ya wachoyo. Hata hivyo alipima. Samaki walipomfuata ukingoni aligeuza uso, akapita akijifanya anaita mbuzi. Siku moja Kiunga alimkuta akiwaomba msamaha kwa Kimeru.

Mawingu yalipoanza kutanda, jike mmoja akakataa kula. Marcella akamvua kwa wavu, akijua amemuua kwa njaa. Kinywa cha samaki kikafunguka, na vifaranga vikamwagika ndani ya ndoo. Kumbe tilapia hulea watoto wake kinywani, naye hali mpaka watoke. Marcella akaketi matopeni akalia.

Kiunga, aliyekuja na jembe begani, akaichungulia ndoo kwa muda mrefu. Akaliweka jembe chini.

"Huyo amezaa," akasema kwa upole. "Si umletee ugali?"

"Baba Murungi," Marcella akajibu akipangusa macho, "ukimpa huyo ugali, wewe ndiye utalala njaa."