Nusu ya Kwaya na Kadi Mbili za Sauti

Kwaya ya akina mama wa Kikongo ilipokuja kwetu mara ya kwanza, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwahi kurekodi mtu yeyote. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la kanda huko Buyenzi, kuta zake tumezifunika kwa magodoro ya sponji. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiarabu ambaye ukoo wake ulifika Bujumbura tangu enzi za babu yake. Aliniajiri nimchapie majina ya nyimbo kwenye karatasi za kanda. Kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kuwasha kompyuta, nikajikuta nimekuwa fundi mitambo.

Kompyuta ile ilikuwa na sauti yake ya kuzaliwa nayo: vitundu vitatu vya nyuma vilivyounganishwa moja kwa moja na bodi kubwa ya ndani, ile ambayo mafundi wetu waliiita karti meri. Kwa kusikiliza muziki ilitosha. Kwa kurekodi, ilikuwa balaa. Ukisogeza kipanya, mkwaruzo wake unaingia ndani ya wimbo. Akina mama waliimba wimbo wao wa majaribio, sauti zote tatu, kisha wakausikiliza wamekunja nyuso.

"Apa tunaimba ao tunakaanga mandazi?" aliuliza mama kiongozi wa kwaya.

Mzee aliona aibu mpaka masikio yakamwiva. Alimwagiza mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda Dubai amletee kadi ya sauti ya kitaalamu, ile wanayotumia watu wa redio. Tuliingoja miezi. Ilipofika, fundi wa kompyuta alikuja kuifunga, na kwanza haikutoa hata mlio, maana kompyuta iliendelea kupeleka sauti kwenye vitundu vya zamani. Basi fundi akaizima kabisa ile sauti ya kuzaliwa.

"Zikiwaka zote mbili zitagombana," aliniambia. "Usiiguse tena."

Alipoondoka nilichomeka maikrofoni nikasema, "Moja, mbili." Nilipojisikiliza nilisikia mpaka pumzi yangu. Na baada ya neno la mwisho palikuwa na kimya, kimya kitupu ambacho mashine ile haikuwa imewahi kunipa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Mzee alivaa hedifoni, akafumba macho. "Mashallah, binti yangu," alisema, "umo ndani ya sikio langu."

Tukawaita akina mama waje Jumamosi asubuhi. Haikuwezekana kuchelewa, kwa sababu dada aliyekuwa akiongoza nyimbo, mwenye sauti ambayo ndiyo iliyowafanya watu wajae kanisani, alikuwa apande boti Jumatatu kumfuata mumewe Kigoma. Hatukujua kama angerudi.

Ilikuwa miaka ya vita, na Jumamosi ilipofika, tangu alfajiri milio ya bunduki ilisikika upande wa milimani. Saa nne, badala ya akina mama kumi na sita, waliingia wanane.

"Wenzetu ba Gasenyi apana kuja," alisema mama kiongozi akihema. "Basoda na bunduki zabo bamefunga njia. Bote benye sauti ya pili na ya tatu biko kule."

Tulijaribu hivyo hivyo. Yule dada alianza vizuri, lakini alipofika mahali ambapo sauti za chini humpokea, hakukuta kitu. Alipotea. Mara ya pili akapotea tena, akakaa chini akafunika uso kwa kitenge. "Mi naimba na batu, mama. Peke yangu mi sijue fasi ya kukanyaga."

Hapo ndipo lilipokuja wazo lililonifanya nisimame ghafla. Ule wimbo wa majaribio ulikuwa bado ndani ya kompyuta, pamoja na mikwaruzo yake, na wote kumi na sita walikuwemo! Kama dada angeusikia kwenye hedifoni huku mimi nikirekodi sauti za mle chumbani tu, angeimba na wenzake. Lakini kadi mpya ilikuwa imeshikwa na programu ya kurekodi, ambayo ilicheza tu kile ilichorekodi yenyewe, na programu nyingine haikuruhusiwa kupitia humo. Nilihitaji mlango wa pili wa sauti. Na mlango huo ulikuwapo, ule niliokatazwa kuugusa.

Nilimweleza mzee.

"Ukiiharibu kadi yangu je?"

"Nikiiharibu, mzee, dada huyu anaondoka keshokutwa na sisi hatuna kitu."

Alitazama akina mama, akatazama kompyuta. "Bismillahi. Washa."

Nilizima mashine, nikaiwasha, nikaingia kwenye ule ukurasa wa buluu wa mwanzo ambao fundi pekee ndiye aliyekuwa akiuingia. Nikatafuta mstari wa sauti, nikaufungua. Mashine ilichukua muda wake wote kuamka, na ilipoamka, kwenye orodha palikuwa na majina mawili. Mawili! Hazikugombana hata kidogo. Nikaiagiza ya zamani icheze wimbo wa majaribio, na ile mpya irekodi tu.

Tulikuwa na hedifoni mbili. Moja nilimvika dada, nyingine mama kiongozi, na waliobaki wakafuata mkono wake. Dada alisikia wenzake wakianza, macho yakamtoka.

"Biko apa!" alipiga kelele. "Bote biko apa!"

Akaimba. Aliimba huku mkono mmoja ameubana kwenye hedifoni, na mahali alipokuwa akipotea alipita akitabasamu. Mlipuko mmoja wa mbali ulituharibia ubeti wa tatu, tukaurudia. Kufikia saa saba mchana tulikuwa na wimbo mzima.

Njia ilifunguliwa Alhamisi. Akina mama wa Gasenyi walipoingia, dada alikuwa ameshavuka ziwa. Nikawawekea sauti yake, safari hii kupitia kadi mpya, wakapokezana hedifoni wakisukumana. "Anapumua kabisa pembeni yangu!" alisema mmoja wao, akageuka kumtafuta. Kisha wakaimba juu ya sauti ile, pale pale penye nafasi zao.

Nilipounganisha vyote, kumi na sita walisikika kama watu waliosimama chumba kimoja, bila mkwaruzo wowote. Mzee alibeba spika mwenyewe mpaka barazani, na akafungulia sauti yote. Akina mama walitoka mbio, wakaanza kucheza katikati ya barabara, wapita njia wakasimama, wengine wakaingia. Nami, niliyekuwa mwenye haya kupita kiasi, nikavua viatu nikaenda kucheza nao.