Masouda na Gauni la Mabega Wazi

Masouda alikuwa fundi wa cherehani. Alifika Maskati mwaka 1964 pamoja na mumewe, wakitokea Unguja baada ya mapinduzi, wakapewa chumba na jamaa zao wa mtaa wa Sidab. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza, na wanawake wa mtaani walimcheka kila alipofungua mdomo. Lakini sinema aliijua. Usichana wake ulipita kwenye viti vya sinema za mjini Unguja, akiwatazama nyota wa Hollywood wa miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, na picha zao alizozikata magazetini alikuja nazo.

Mwaka 1967 jirani yake, Nasriya, naye mzaliwa wa Unguja, akaposwa. Nasriya alitaka gauni la harusi la mikono mirefu tu. Masouda ndiye aliyemtolea picha ya Rita Hayworth, mabega wazi, satini imemkaa mwilini kama maji.

"Watu watasema, da Masouda."

"Waseme nini? Siku ya harusi mle ndani ni wanawake peke yao. Wallahi n'takushonea gauni wasilopata kuliona!"

Kwa kweli hakumshonea Nasriya. Aliwashonea wale waliomcheka, wamwone kuwa anajua.

Siku ya harusi, bibi harusi alipofunuliwa shela mbele ya wanawake, vigelegele vilikatika ghafla. Bi Shaikha, nyanya yake bwana harusi, aliyewahi kuishi Unguja zamani, akauliza kwa Kiswahili:

"Nani kakushonea hivi?"

Nasriya akamtazama Masouda. Masouda akainama, akajishughulisha na birika la kahawa.

"Nimetaka mwenyewe," Nasriya akajibu.

"Ndiyo malezi ya Zinjibar hayo?" mwanamke mmoja akasema, na mama yake Nasriya akaanza kulia. Bibi harusi akafunikwa tena shela, akakaa vivyo hivyo, jasho linamtiririka, mpaka wageni walipoondoka.

 Fungate ilipokwisha Masouda akaenda kwa Bi Shaikha, akapiga magoti.

"Bibi, gauni lile mimi nilimshawishi. Nasriya hana kosa."

"Nnajua, mwanangu. Fundi hapa ni nani mwengine? Nilikungoja useme pale pale, mbele ya watu."

Masouda akainuka, akaenda kwa Nasriya.

Nasriya alimpokea vizuri, akammiminia kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho. "Yamekwisha, Bi Masouda," akasema. Siku zote alikuwa akimwita da Masouda.

Maharusi wengi walikuja kushonesha kwake baadaye, na wote aliwashonea walichotaka wenyewe. Nasriya vitambaa vyake alivipeleka kwa fundi wa Kihindi, mjini Matrah. Mwaka 1970 Nasriya na mumewe walipohamia Kuwait, mtaa mzima ulikwenda kuwaaga. Masouda alifika hadi mlangoni, akawaona wenzake wakikumbatiana na Nasriya. Akasimama nyuma yao, asisogee kuaga, mpaka gari likaondoka.